Kifyatulio cha uwanjani hakifai kubebwa kiunoni

Mhariri,

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumatatu yenye baridi, risasi ya milimita 9 ilipita nyuma ya paja la rafiki yangu, ikachana suruali yake, ikatoboa gunia la mahindi lililokuwa chini kabisa ya rundo na kukwama katika gunia la nyuma yake. Hayo yalitokea katika ghala lake la nafaka hapa Nakuru. Bastola ni yake mwenyewe, na cheti chake cha kuimiliki ni halali. Aliponipigia simu sauti ilikuwa ikimtetemeka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Afande, bastola imejifyatua yenyewe." Nilipofika nusu saa baadaye, punje za mahindi zilikuwa bado zinachuruzika kutoka kwenye tundu la gunia, na kijana wake wa kupakia mizigo, ambaye risasi ilipita hatua mbili tu kutoka miguuni mwake, alikuwa ameketi juu ya mizani akiwa ameshika kikombe cha chai asichokinywa. Namshukuru Mungu kwamba leo ninaandika kuhusu mahindi, wala si kuhusu kijana huyo.

Nilifanya kazi ya polisi kwa miaka 26, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa msimamizi wa ghala la silaha: kutoa, kupokea, kukagua, kusafisha na kurekebisha. Tangu nistaafu, wenye leseni kadhaa wa Nakuru, Njoro na Naivasha hunijia kutaka ushauri, na swali ninaloulizwa mara nyingi siku hizi halihusu kulenga wala kutunza silaha. Huniuliza, "Afande, kifyatulio changu ni kigumu, nani anaweza kunilegezea?" Ninaomba nafasi katika gazeti lako nilijibu swali hilo hadharani, kwa kuwa kumjibu kila mmoja peke yake kumeonekana hakutoshi. Rafiki yangu wa ghala nilimjibu mwaka jana, akaitikia kwa adabu, kisha akaenda kwa fundi mwingine.

Uzito wa kifyatulio, au triga kama wengi wanavyokiita, ni nguvu ambayo kidole kinapaswa kutumia ili silaha ifyatuke. Bastola nyingi za kisasa zinazobebwa kiunoni, zikiwamo Glock, ambazo jeshi la Austria lilianza kuzitumia mwaka 1982, hutoka kiwandani zikiwa na uzito wa karibu kilo 2.5, yaani ratili 5 na nusu hivi. Anayetaka kuuhisi uzito huo na aning'inize paketi ya unga ya kilo 2 kwenye kidole cha shahada, kisha aongeze nusu kilo ya sukari. Bastola za aina hii hazina kitufe cha usalama cha kusukumwa kwa kidole gumba. Usalama wake umo ndani ya kifyatulio chenyewe na katika vizuizi vya ndani vinavyofunguka pale tu kifyatulio kinapovutwa. Maana yake ni kwamba risasi ikiwa tayari imo chembani, yaani nyuma ya mtutu tayari kupigwa, kinachomlinda mwenye bastola na walio karibu naye ni hizo kilo mbili na nusu, urefu mdogo wa safari ya kifyatulio, na ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, iliyokifunika vizuri. Hakuna kingine.

Bastola ya CZ 75, ambayo Wakenya wengi huiita Ceska tu, na ambayo asili yake ni mji wa Uherský Brod katika iliyokuwa Chekoslovakia, ilitatua jambo hilohilo kwa njia tofauti. Nyundo, yaani chuma cha nyuma kinachopiga ili risasi iwake, ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo. Risasi ya kwanza ikishatoka, nyundo hubaki juu, na mvuto unaofuata huwa mfupi na mwepesi. Nimewahi kuwasikia vijana wakilalamika kwamba mvuto ule wa kwanza ni kasoro. Ninaona waliousanifu walijua walichokifanya: risasi ya kwanza ndiyo ambayo mtu aliyeshtuka anaweza kuitoa bila kukusudia, na ndiyo waliyoiwekea mlango mzito.

Sasa nieleze nilichokikuta katika bastola ya rafiki yangu. Baada ya kuondoa risasi zote na kukagua chemba mara mbili, nilikipima kifyatulio chake kwa mizani ya ndoano, ile ambayo wachuuzi wa samaki wa Kisumu hupimia mbuta, nikakuta kinaachia kwenye kilo moja na gramu mia mbili. Nilirudia mara tano, na mara moja kiliachia chini ya kilo moja. Kifyatulio kinachobadilika hivyo kati ya mvuto mmoja na mwingine kinasema kwamba ndani hakuna kinachoshikana sawasawa. Nilipoifungua niliona fundi alikuwa amebadilisha springi mbili, na hakuishia hapo: alikuwa amesugua sehemu ambapo vyuma viwili vidogo hushikana kuizuia pini inayogonga risasi isiruke, mpaka ukingo uliopaswa kuwa mkali ukawa wa mviringo na kung'aa kama sarafu iliyozeeka mfukoni. Vyuma hivyo hufanywa vigumu juu juu tu, kama ganda. Ganda likiondolewa, chuma cha ndani ni laini, na kila risasi inayopigwa hukila zaidi, kwa hiyo kifyatulio kilicholegezwa leo kitakuwa kimelegea zaidi baada ya miezi sita hata kama hakuna mtu aliyekigusa tena. Nilimuuliza kama bastola hiyo iliwahi kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba ndiyo, mara mbili, kwenye uwanja wa kulenga shabaha, na kwamba wenzake walimtania kuwa kidole chake kina haraka.

Halafu tulifanya jambo ambalo natamani kila mwenye leseni angeliona. Asubuhi ile alikuwa amevaa jaketi la baridi lenye kamba kiunoni, na mwisho wa kamba una kifundo kidogo cha plastiki cha kuikazia. Alikuwa ameitoa bastola kiunoni wakati wa kuendesha gari, kwa kuwa humchoma mbavuni akikaa, na alikuwa akiirudisha katika ala akiwa amesimama mlangoni mwa ghala. Tulirudia kitendo hicho kwa bastola tupu, na jaketi lilelile. Mara ya tatu kifundo kiliingia ndani ya pete inayokizunguka kifyatulio, akasukuma bastola chini kama kawaida yake, kamba ikakaza, na tukasikia pini ikigonga. Yeye mwenyewe hakuhisi chochote mkononi. Nikachukua bastola nyingine ya aina ileile ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, nayo tupu, tukakiweka kifundo mahali palepale. Aliposukuma, kamba ilikaza, bastola ikagoma kuingia, naye akasimama na kutazama chini ili kuona kuna nini. Sisemi kwamba kilo mbili na nusu haziwezi kuvutwa na kamba. Mtu akisukuma kwa hasira zitavutwa. Ninachosema ni kwamba uzito ule ulimpa nafasi ya kuhisi kwamba kuna jambo haliendi sawa, nafasi ambayo fundi wake aliifuta kwa tupa na springi mbili.

Sina dharau kwa wanaopenda vifyatulio vyepesi, kwa sababu uwanjani vina maana yake. Mtu anapolenga shabaha ndogo, kosa kubwa hutokea katika ile nusu sekunde ya mwisho, mkono unapomalizia kuvuta na kuuhamisha mtutu bila mwenyewe kujua. Kifyatulio kinapoachia kwa urahisi na bila mkwaruzo, mtutu hutulia, na risasi huenda ulikotazama. Ndiyo maana katika mashindano ya kimataifa ya kulenga shabaha, bastola ya hewa ya mita 10 inaruhusiwa kuwa na kifyatulio cha gramu 500 tu, na ya mita 25 gramu 1,000. Ile ya mita 50, iliyoshindaniwa katika Olimpiki kwa mara ya mwisho Rio de Janeiro mwaka 2016, haikuwa na kiwango cha chini kabisa. Hata hivyo, wanamichezo wa kulenga kwa kasi, ambao huchomoa bastola kutoka kwenye ala na kukimbia nayo, wamejiwekea mpaka: katika daraja la bastola za kawaida, kanuni za IPSC, shirikisho lao la kimataifa, zinakataa kifyatulio kilicho chini ya kilo 1.36 kwa kila risasi, au zinataka risasi ya kwanza iwe na kilo 2.27. Ikiwa watu wanaoshindania pointi, chini ya macho ya mwamuzi, wameona haja ya mpaka, inakuwaje mtu wa kubeba bastola kanisani aone hauhitaji?

Uwanjani bastola huingizwa risasi kwa amri, mtutu ukielekea kwenye kifusi cha udongo, na ikimalizika huonyeshwa kwa msimamizi kwamba ni tupu kabla haijarudishwa katika ala. Mlengaji ana nguo zilizobana, mikono mikavu, na akili yake yote iko kwenye jambo moja. Sokoni, mtu yuleyule anainama kuinua gunia, anabanwa ndani ya matatu, anafunga mkanda wa gari, anamnyanyua mjukuu. Usiku, akisikia mbwa wakibweka na geti likitikiswa, anaishika bastola na tochi kwa pamoja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni, moyo unapiga kama ngoma. Msomi wa Marekani wa mambo ya misuli, Roger Enoka, alieleza mwaka 1991 njia tatu ambazo kidole hukaza bila amri ya mwenyewe: mtu anaposhtuka, anapojikwaa na kupoteza mizani, na mkono wake mwingine unapokamata kitu kwa nguvu. Fikiria mtu anayemkamata mwizi shati kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ameshika bastola yenye kifyatulio cha kilo moja. Ni kweli kwamba mkazo wa namna hiyo unaweza kushinda hata kilo mbili na nusu, na ndiyo sababu tuliwafundisha makurutu kwamba kidole kikae nje ya pete hadi dakika ya kuamua kupiga. Lakini kidole kilichofundishwa nacho husahau, na siku kinaposahau, uzito wa kiwandani ndio unaobaki.

Wapo watakaoniuliza kwa nini basi tusifanye vifyatulio vizito maradufu. Jiji la New York lilijaribu. Polisi wake walipewa bastola zenye kifyatulio cha ratili 12, karibu kilo 5.4, ili wasifyatue kwa bahati mbaya. Mwezi Agosti 2012 maafisa wawili walikabiliana na mtu mwenye silaha nje ya jengo la Empire State, wakapiga risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi hizo au vipande vyake. Mambo mengi huchangia tukio kama hilo, lakini mjadala kuhusu uzito ule uliibuka mara moja, na kwa haki, kwa sababu mtu anayeng'ang'ana na kifyatulio mkono wake hautulii. Kwa hiyo siombi uzito uongezwe. Ninaomba uachwe ulivyo.

Wala si uzito wa mvuto peke yake unaoharibika mtu anapochokonoa. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ililazimika kuwapa wateja wa bastola yake ya P320 marekebisho baada ya kubainika kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba kifyatulio chenyewe, kama kipande cha chuma, kilikuwa na uzito wa kutosha kuendelea kusogea nyuma bastola ilipogonga sakafu. Marekebisho yaliweka kifyatulio na vipande vingine vyepesi zaidi. Hao ni wahandisi wenye maabara, na bado jambo hilo liliwapita. Fundi wa kichochoroni anayeagiza kifyatulio cha rangi nyekundu mtandaoni, akakipachika bila kuiangusha bastola tupu hata mara moja kwa majaribio, anajuaje alichokiunda? Kiwanda kilekile cha Ceska hutengeneza bastola ya mashindano iitwayo Shadow 2, ambayo haina kizuizi cha pini ili mvuto wake uwe laini. Ni bastola nzuri mno uwanjani, nimeipiga na nikaifurahia. Nisingeibeba kiunoni nikiwa na risasi chembani.

Kuna madhara mengine ambayo hayasikiki kwa kishindo. Baadhi ya mafundi hupunguza uzito kwa kulegeza springi inayoisukuma pini au nyundo, na springi ikilegea, pini haigongi kwa nguvu ya kutosha. Risasi zilizotengenezwa kwa kiwango cha kijeshi huwa na fataki, yaani kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, ngumu zaidi, na bastola iliyolegezwa inaweza kuzigonga bila kuziwasha. Mtu aliyenunua wepesi kwa ajili ya kujilinda atasikia mlio wa pini tu usiku anaoihitaji.

Tatizo letu hapa kwetu lina sura yake. Nchi nyingine mtu huwa na bastola ya mashindano kwenye sanduku na nyingine ya kubeba. Wengi wetu tuna moja tu, tena tuliyoipata baada ya kuhojiwa, kuchunguzwa na kusubiri. Kwa hiyo mtu anayeipenda michezo ya Jumamosi huitengeneza kwa ajili ya Jumamosi, kisha huibeba siku sita zilizobaki. Kwake yeye ushauri wangu ni mgumu lakini ni mfupi: bastola ikiwa ni moja, ni ya kubeba, na uwanjani ikubali kushindwa kwa pointi chache.

Ugumu anaoulalamikia mwenye bastola mara nyingi una dawa isiyohitaji tupa. Kwanza isafishwe na kupakwa mafuta kidogo. Nimepokea bastola zilizoitwa ngumu ambazo zilikuwa zimejaa vumbi na nyuzi za nguo. Pili, mazoezi bila risasi: chemba ikaguliwe mara mbili, risasi zote ziachwe chumba kingine, sarafu ya shilingi ishirini iwekwe juu ya bastola karibu na kilengeo cha mbele, kisha kifyatulio kivutwe polepole bila sarafu kuanguka. Dakika kumi kila jioni kwa mwezi mmoja, na kidole kitaacha kulalamika. Mjane mmoja mwalimu kutoka upande wa Molo, mwenye vidole vifupi, alikuwa ameshakata tamaa. Shida yake haikuwa uzito, bali kidole hakikukifikia kifyatulio vizuri, na bastola yenye mpini mwembamba zaidi ilimtosha. Tatu, pesa ambazo zingekwenda kwa fundi zinunue ala ngumu, iliyoumbwa kwa bastola hiyohiyo, inayofunika pete yote ya kifyatulio, na vilengeo bora. Hayo ni mabadiliko ninayoyaunga mkono bila shaka yoyote.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka anayekarabati silaha kama biashara awe muuzaji aliyesajiliwa, lakini kila mwenye leseni anajua kwamba wapo wanaofanya kazi hiyo nyuma ya duka, bila kitabu wala risiti. Ninaiomba Bodi ya Leseni za Silaha mambo mawili. Wenye vyeti wanapoitwa kukaguliwa, bastola yenyewe ipimwe kifyatulio, kazi ya dakika mbili kwa mizani ndogo, na iliyo chini ya kiwango cha kiwandani kwa kiasi kikubwa irudishwe kwa muuzaji aliyesajiliwa kabla mwenyewe hajaondoka nayo. Na kila springi au kipande cha kifyatulio kinachobadilishwa kiandikwe katika rekodi ya silaha hiyo, kama vile nambari yake inavyoandikwa.

Nina ombi kwako pia, Mhariri. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba bunduki "ilijifyatua." Ukiondoa silaha chache zenye kasoro, bastola haijifyatui, inavutwa, iwe ni kwa kidole, kwa kamba au kwa ukingo wa shati. Mwandishi akiuliza ni nini kilichokivuta kifyatulio, na kama kilikuwa kimeguswa na fundi, wasomaji wataanza kuuliza vilevile.

Bastola ya rafiki yangu iko kwa muuzaji aliyesajiliwa ikisubiri vipande vipya vya kiwandani, na tukio lenyewe ameliripoti kituoni kama inavyotakiwa. Kamba ya jaketi ameikata. Gunia amelishona kwa uzi wa katani na kuliuza pamoja na mengine. Kijana wake wa mizigo amerudi kazini, lakini tajiri wake anapopeleka mkono kiunoni, hata kama ni kutafuta simu tu, kijana huweka chini alichobeba na kutoka nje.

Wako,
Afisa mstaafu wa polisi,
Njoro, Kaunti ya Nakuru